Njia Haikufungwa: Misafara ya Bara na Kipindupindu cha 1869–1870

1. Utangulizi

Kila anayejifunza historia ya Kiswahili katika Kongo huelezwa kwamba lugha hii iliingia mashariki ya nchi pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayajakamilika. Njia ileile iliyoleta maneno ilileta pia maradhi. Mwaka 1870, miaka michache tu baada ya wafanyabiashara wa pwani kuanza kufanya makao katika Manyema, kipindupindu kilifika huko kikitokea upande wa mashariki.

Makala haya yanachunguza swali moja katika tukio hilo: kwa nini misafara haikusimama? Ugonjwa ulikuwa umekwisha kujulikana pwani kwa zaidi ya kizazi kizima. Watu waliuogopa, walikuwa na majina yake, na walijua kwamba unafuata nyayo za watu. Hata hivyo mizigo ilifungwa, ngoma ya safari ikapigwa, na watu wakaondoka. Baadhi ya wasafiri wa Ulaya walilieleza jambo hilo kwa neno moja, yaani kwamba watu wa nchi hizi humwachia Mungu kila kitu. Itaonyeshwa hapa kwamba maelezo hayo hayatoshi. Safari iliendelea kwa sababu ya deni, ya majira, na ya uwezo wa kukataa, ambao wachache walikuwa nao na wengi hawakuwa nao.

2. Ugonjwa na majina yake

Kipindupindu kilianza kuenea nje ya Bengali, katika Bara Hindi, mwaka 1817. Kwa kuwa pwani ya Afrika Mashariki iliungana na Bara Hindi, Omani na Hijazi kwa pepo za musimu, haikukawia kuguswa. Tabibu Mskochi James Christie, aliyefanya kazi Unguja na kuchapisha mwaka 1876 kitabu kikubwa juu ya maradhi haya katika Afrika Mashariki, aliweza kutofautisha mapigo kadhaa: la mwaka 1821, la 1836–1837, la 1858–1859, na la 1869–1870 aliloliona kwa macho yake.

Majina ya ugonjwa yanaonyesha jinsi ulivyopokelewa. Neno waba ni la asili ya Kiarabu, nalo hutaja maradhi yanayofagia watu wengi kwa pamoja. Neno kipindupindu limeundwa kwa mzizi wa Kibantu ulio katika vitenzi pinda na pindua, ukarudiwa na kupewa kiambishi ki-. La kwanza lautazama ugonjwa kwa mbali, kama msiba wa mji mzima, na la pili lautazama katika mwili wa mtu mmoja anayekunjamana kwa maumivu na kupinduka tumbo. Jamii iliyo na maneno hayo mawili haiwezi kusemwa kuwa ilikuwa haijui kilichokuwa kikiipata.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua kwa yakini katika Unguja ya 1869 ni namna ugonjwa unavyoingia mwilini. John Snow alikuwa ameonyesha huko London, mwaka 1854, kwamba kipindupindu hufuata maji machafu, lakini hoja yake ilikuwa bado ikibishaniwa hata miongoni mwa matabibu wenzake. Robert Koch alikitambua kijidudu chenyewe miaka mingi baadaye, katika 1883 na 1884, alipofanya uchunguzi Misri na Kalkuta. Leo inajulikana kwamba dalili hutokea baada ya saa chache hadi siku 5. Kwamba mgonjwa mahututi asiyetibiwa aweza kufa kabla ya siku kwisha. Na kwamba wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, ingawa wanaendelea kuutoa ugonjwa katika choo chao.

Jambo hili la mwisho ndilo ufunguo wa historia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa takriban kilomita 800, na misafara mingi iliutimiza kwa miezi miwili au mitatu, mara nyingine zaidi. Hakuna mtu mmoja awezaye kuubeba ugonjwa wa siku 5 kwa muda wa siku 80. Ulihitajika mnyororo: kambi kuichafulia kambi nyingine kisima, mpagazi mwenye afya ya nje kumwambukiza mwenziwe, msafara unaorudi kukutana na msafara unaokwenda. Kwa hiyo tunaposema kwamba kipindupindu kilitoka pwani kikafika Manyema, maana yake ni kwamba watu hawakuacha kutembea katika kila kipande cha njia ile.

3. Mfano wa 1859

Kabla ya kufika kwenye tukio lenyewe, inafaa kutazama safari moja ya miaka kumi nyuma, kwa sababu habari zake zimeandikwa na mtu aliyeiamuru. Mwanzoni mwa Februari 1859, Waingereza Richard Burton na John Speke walirejea pwani kutoka Ziwa Tanganyika. Kazi yao ilikuwa imekwisha. Hata hivyo Burton hakuona sababu ya kurudi Unguja mara moja. Alitaka kwanza kuitazama Kilwa na mto Rufiji. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kupita katika pwani ya Arabuni, Unguja na Pemba, na kwa maneno yake mwenyewe kilikaribia kuimaliza miji ya kusini.

Safari ilifanywa. Burton na Speke walirudi Unguja salama mwezi wa Machi, lakini karibu mabaharia wote wa chombo chao walikufa. Burton alipotaka kuendelea hadi Rufiji, hakupata mtu wa kuingia kazini katika chombo kilichokwisha kuguswa na ugonjwa.

Habari hii fupi ina mambo mawili makubwa. Kwanza, aliyeamua kuendelea hakuwa mtu wa pwani mwenye kumwachia Mungu kila kitu, bali ofisa msomi wa Ulaya, aliyekuwa na hiari kamili ya kurudi. Pili, mara tu watu wa kawaida walipokuwa na nafasi ya kukataa, walikataa. Baharia huru aliyesimama ufukweni, ambaye hajapokea ujira na hajapanda chomboni, alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Aliyekuwa amekwisha kupanda hakuwa nao.

4. Kutoka Bahari ya Sham hadi Manyema

Pigo la 1869 halikuingia Unguja kwa njia iliyozoeleka. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka wakati wa hija. Inakadiriwa kwamba mahujaji wapatao 15,000 walikufa kati ya 90,000 hivi waliokuwapo. Mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Istanbul mwaka 1866 ulikiri kwamba ugonjwa huu husafiri pamoja na watu wala haufiki mahali upesi kuliko wao. Kutoka pwani za Bahari ya Sham uliingia Uhabeshi, na kwa mujibu wa uchunguzi wa Christie ulishuka kusini kwa nchi kavu, ukapita katika nchi ya Wamasai, ukatokeza Pangani. Mwezi wa Novemba 1869 ulikuwa umeingia mjini Unguja.

Mwezi huohuo, tarehe 17, Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na dunia ya biashara ikashangilia kwamba njia ya Bara Hindi imefupishwa. Yafaa kukumbuka jambo hilo, kwani Uingereza ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele katika miaka iliyofuata kupinga karantini kali kwa meli zilizotoka Bara Hindi, ikihofia biashara yake. Msimamo huo ulionekana waziwazi katika mkutano wa Roma wa 1885. Tajiri wa London na tajiri wa Unguja walitofautiana kwa dini, lugha na mavazi, lakini mbele ya ugonjwa hesabu yao ilikuwa moja.

Kutoka Unguja ugonjwa ulitawanyika pande mbili. Kwa majahazi ulikwenda kusini, Kilwa na Msumbiji, hadi Komoro na Madagaska. Kwa misafara uliingia bara, ukapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, kisha ukavuka ziwa. Kabambare, mahali ambapo David Livingstone alipaita Bambarre, msafiri huyo alikuwa amezuiliwa na vidonda vya miguu tangu Julai 1870. Kambi za wafanyabiashara wa Manyema zilikuwa zimekwisha kufikiwa na ugonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 1871 alipata habari za msiba wa Unguja. Uvumi uliomfikia ulisema kwamba watu 70,000 walikuwa wamekufa kisiwani. Idadi hiyo bila shaka ilikuwa imekuzwa na urefu wa njia, lakini hata kukuzwa kwake ni ushahidi: hofu ilisafiri pamoja na ugonjwa, wala haikuwazuia walioibeba wasifike.

5. Sababu za kutosimama

5.1. Deni

Msafara wa bara ulianza katika daftari la mkopeshaji. Wafanyabiashara wengi wa Kiarabu na wa Kiswahili hawakuwa na mali ya kutosha kununulia vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakaahidi kulipa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, kwa bei iliyokwisha kubeba faida ya mkopeshaji. Deni halikujua ugonjwa. Msafara uliosimama Bagamoyo miezi sita uliendelea kula posho, na deni likabaki palepale. Mwenye msafara alipima hasara mbili: ya kusimama, iliyokuwa hakika na yake mwenyewe, na ya kwenda, iliyokuwa ya kubahatisha na ambayo kwa sehemu kubwa ingewaangukia wengine.

Ndiyo maana miaka ileile ya msiba ni miaka ya safari kubwa. Ni mnamo 1870 ndipo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipoondoka pwani kwa safari iliyomweka bara hadi 1882 na kumfanya bwana wa Kasongo.

5.2. Majira

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na hesabu yake, nayo haikuwa ya deni. Aliteremka pwani wakati wa kiangazi, naye alitaka kurejea kwao kabla mvua hazijapita, ili ashike jembe. Pwani ilipoingiwa na ugonjwa, kubaki huko kulikuwa na maana ya kufa mbali na watu wake, au kula akiba yote ya ujira wake. Kwake yeye kuondoka hakukuwa ukaidi, kulikuwa kukimbia. Hapa ndipo fikra ya kwamba hofu huzuia safari inapovunjika. Katika mapigo mengi hofu ndiyo iliyowatia watu njiani, na waliokimbia waliupeleka ugonjwa mbele yao.

5.3. Upweke wa njiani

Baada ya kuingia bara, kuacha msafara kulikuwa hatari kuliko kuufuata. Mtu mmoja, mgeni, bila silaha wala kitambaa cha kulipia hongo, aliweza kukamatwa na kuuzwa. Aliyeumwa hakuwa na mahali pa kwenda. Burton alieleza jinsi alivyokutana, mwaka 1857, na msafara uliokwisha kupoteza watu 50 kwa ndui: wagonjwa waliendelea kujikokota njiani, kwa kuwa aliyeanguka hangeinuka tena, na hakuna kijiji kilichokubali kuingiza mauti ndani ya boma lake. Wanavijiji hao walikuwa na haki ya kufunga lango, nao ndio wachache katika historia hii waliofanya kile ambacho leo tungekiita karantini. Lakini kila lango lililofungwa lilimwachia mgonjwa njia moja tu, yaani kwenda mbele.

5.4. Maji

Sababu ya nne haikuwa uamuzi wa mtu, ilikuwa umbo la nchi. Kati ya Mpwapwa na Ugogo ulikuwako mbuga uliojulikana kwa jina la Marenga Mkali, ambako maji yalikosekana. Misafara iliupita kwa telekeza, yaani kwa kuondoka alasiri, kulala bila maji, na kuyawahi kesho yake. Watu mamia, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, walifika pamoja kwenye mashimo machache wakiwa wamekaukiwa. Nani angechagua maji? Aliyekunywa hapo aliacha ugonjwa hapo, na msafara uliofuata ukaukuta.

6. Nani aliamua, nani alilipa

Ukiyaweka pamoja mambo hayo, watu wa msafara wanapangika kwa kiasi cha uhuru wao mbele ya ugonjwa. Juu kabisa yuko mkopeshaji wa Unguja, ambaye hakutembea. Mali yake ndiyo iliyotembea. Anafuata mwenye msafara, aliyetembea, lakini akiwa na hema lake, watumishi wake na maji yaliyobebwa kwa ajili yake. Kisha yuko mpagazi huru, mwenye uwezo wa kukataa kabla ya kufunga mkataba, naye baada ya hapo alikuwa na njia moja tu ya kupinga, yaani kutoroka. Chini yao wote yuko mtumwa, aliyetembea kwa sababu ameambiwa atembee. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari kati ya Kilwa na Unguja ilikuwa bado halali mwaka 1870. Ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873. Katika majahazi yaliyojaa watu, mtumwa hakuchagua safari, hakuchagua maji, wala hakuchagua jirani.

Ngazi hii ndiyo inayokosekana katika maandishi mengi ya zama zile. Wasafiri wa Ulaya waliandika juu ya msafara kana kwamba ulikuwa na nia moja. Waandishi wa Kiswahili nao, kama wale ambao habari zao zilikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 chini ya jina Safari za Wasuaheli, walisimulia zaidi habari za biashara na za watawala wa njiani. Sauti ya mpagazi aliyezikwa Ugogo haimo katika kitabu chochote. Mwanahistoria hana budi kuitafuta katika mambo yaliyotajwa kwa kupita: mzigo uliokosa wa kuubeba, idadi ya watu waliofika ikilinganishwa na walioondoka, chombo kilichokosa mabaharia.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba misafara ya 1869–1870 haikuendelea kwa sababu watu hawakujua hatari, wala kwa sababu hawakuithamini roho. Iliendelea kwa sababu gharama ya kusimama ilimwangukia mwenye kuamua, na gharama ya kwenda ikamwangukia asiyeamua. Mizani ikikaa hivyo, njia haifungwi, hata kama kila mtu anaogopa.

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili katika Kongo kwa namna ya pekee. Kiswahili cha mashariki ya nchi kiliitwa Kingwana kwa sababu ya waungwana, watu wa msafara waliojivunia hali yao ya uhuru. Neno posho, chakula cha njiani cha mpagazi, lilihamia baadaye katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, likawa jina la mgawo wa chakula wa kila juma. Msamiati wa njia umo vinywani mwetu sote hadi leo, lakini waliotutangulia kuutamka wengi wao hawakufika mwisho wa safari. Kusoma historia ya lugha bila kuwahesabu hao ni kusoma daftari la mapato peke yake.

Kipindupindu chenyewe kilirudi. Kilipoingia tena Afrika mwaka 1970 kilikuta barabara, reli na meli mahali pa misafara, na tangu miaka hiyo ya 1970 miji ya ukingo wa maziwa, kama Kalemie na Uvira, imekiona mara nyingi. Mwezi wa Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma, watu ambao nao hawakuwa na hiari ya kutosafiri. Leo dawa inajulikana: maji safi, chumvi na sukari zilizochanganywa kwa kipimo, na chanjo. Mgonjwa anayetibiwa mapema ni nadra kufa. Hata hivyo mvuvi, mchuuzi wa sokoni na mpakiaji wa bandarini wanaposikia kwamba ugonjwa umeingia mjini, bado wanatoka asubuhi kwenda kazini. Anayetaka kuwaelewa asianze kwa kuuliza kama wanaogopa. Aulize kwanza ni nani atakayewalisha wakibaki nyumbani.